Kung'oa Paneli na Viambaza vya Ndani vya Boti ya Matanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukiingia ndani ya jahazi unaliona lote kwa mara moja: mataruma yake, yaani mbao za mbavu zake, mbao za nje, vichwa vya misumari, mpaka maji yaliyolala kwenye ngama, pale chini kabisa tumboni. Boti ya faiba haiko hivyo. Imevishwa dari ya ngozi ya plastiki, imevishwa mbao za msaji ubavuni, ikawekewa makabati na vitanda, na ugonjwa wake wote uko nyuma ya nguo hizo. Mimi ni fundi wa boti hizi hapa Kilifi. Nyingi ninazozishika ni za futi 26 hadi 40, ziliundwa Ulaya au Marekani kati ya miaka ya 1960 na 1990, zikavuka Bahari ya Hindi, zikafika kwetu zimechoka. Wenye boti na vijana wa kazi huniuliza maswali yale yale, nami nimeyakusanya hapa kwa sababu makosa ya kazi hii hayaonekani siku unayoyafanya. Yanaonekana boti ikiwa nje ya mwamba, kusi imeshika.

Paneli na kiambaza vina tofauti gani?

Paneli hufunika, kiambaza hubeba. Hilo ndilo la kwanza na la mwisho katika kazi hii, na mengine yote yanatoka hapo.

Jahazi hushikwa umbo na mataruma. Ganda la boti ya faiba mara nyingi halina mataruma. Linashikwa na viambaza, yaani kuta za plaiwudi zinazokatiza boti kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, zimefungwa kwenye ganda na kwenye sitaha kwa mikanda ya faiba na resini. Ukitoa paneli, boti inabaki ilivyo. Ukitoa kiambaza kikuu bila matayarisho, mbavu zinasogea na sitaha inashuka, milimita mbili hapa, nne pale, na jicho halioni kitu.

Kinachotaka heshima zaidi ni kiambaza kilicho karibu na mlingoti. Chukua Pearson Triton, boti ya futi 28 aliyoichora Carl Alberg, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1959. Mlingoti wake hausimami kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti. Unasimama juu ya sitaha, na chini ya sitaha kuna boriti na kiambaza vinavyoupokea uzito wote. Mbao hizo zikioza, sitaha inabonyea chini ya mlingoti na waya zinazoushika zinalegea kila ukizikaza. Mwenye boti hukaza tena. Kila akikaza ndivyo anavyozidi kuusukuma mlingoti chini.

Nitajuaje kama ubao huu unabeba au unafunika tu?

Angalia kingo zake. Ubao unaobeba umeshikwa na mkanda wa faiba pale unapokutana na ganda, pande zote mbili, nao ni mnene: milimita 12, 18, au 19 kwenye boti za Kimarekani, maana robo tatu ya inchi ni 19. Paneli ni nyembamba, mara nyingi milimita 4 hadi 6, na imeshikwa kwa skrubu kwenye vipande vidogo vya mbao.

Kisha tafuta bolti. Kama bamba la kushikia waya za mlingoti limefungwa kwenye ubao huo, ubao huo umebeba mlingoti. Hakuna mjadala.

Kuna vitu vya katikati vinavyodanganya. Mbele ya kitanda, ubavu wa kabati, sakafu ya chumba cha mbele: vingine vimepigwa mikanda ya faiba kwa sababu mchoraji alivitegemea vikaze ganda. Nikiona mkanda wa faiba, nakihesabu kuwa ni cha kubeba mpaka nihakikishe vinginevyo. Sijawahi kujuta kwa tahadhari hiyo.

Kwa nini kiambaza huoza wakati kiko ndani, mbali na bahari?

Kwa sababu maji yanatoka juu. Bamba la waya za mlingoti hupita kwenye sitaha kupitia mwanya mwembamba ulioziba kwa gundi ya mpira. Waya zikivuta na kulegea, bamba linacheza kidogo sana, gundi inaachana na chuma, na maji ya mvua yanateremka juu ya chuma mpaka kwenye bolti. Bolti inayapeleka moja kwa moja katikati ya plaiwudi. Maji ya mvua ni mabaya kuliko ya chumvi kwa mbao, maana kuvu wa uozo hupenda maji matamu.

Dalili ni doa jeusi chini ya bamba, vanishi iliyopauka, au veneya inayofura. Mimi hugonga kwa mpini wa bisibisi kutoka pakavu kuelekea pabaya. Plaiwudi nzima inalia kama mlango wa mninga. Iliyooza inajibu kwa sauti fupi, butu, kama umegonga papai. Baadaye chomeka ncha ya msumari mwembamba mahali pasipoonekana: ikizama bila nguvu, umepata jibu.

Na chuma chenyewe kisisahaulike. Chuma cha pua kinahitaji hewa ili ngozi yake isishike kutu. Kikikaa ndani ya mbao mbichi isiyopata hewa, kinaliwa taratibu kwenye mipasuko midogo, kwa nje kinang'aa na kwa ndani kimekatika nusu. Ukifungua kiambaza kwa ajili ya uozo, toa mabamba yote, yasafishe, yachunguze kwa lenzi pale kwenye matundu ya bolti. Ukiona mstari mwembamba wa kahawia, badilisha.

Ziba mvujo kwanza, au uwe na uhakika utauziba kazi ikiisha. Kubadilisha mbao chini ya mvujo ulio hai ni kuyapa maji chakula kipya.

Lazima nishushe mlingoti?

Kama ni paneli na dari tu, hapana. Kama ni kiambaza kinachoshika mabamba ya waya, au kilicho chini ya mlingoti, ndiyo. Wapo wanaolegeza waya na kuushikilia mlingoti kwa kamba za kupandishia matanga. Kwa bamba moja moja hilo linafaa, ukitoa moja, ukairudisha, ndipo ukaenda ya pili. Kwa kiambaza kizima mimi sifanyi, wala sitakubali kijana wangu alale chini yake akifanya.

Nianzie wapi siku ya kwanza?

Anzia kwenye gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja haitoki dirishani, inateremka kwenye ngama na kukaa huko kama maji. Cheche moja ya grenda inatosha. Toa mtungi nje ya boti kabisa, fungua sakafu, acha upepo upite. Mvuke wa petroli nao ni hivyo hivyo. Kisha kata betri kwenye nguzo zenyewe, usitegemee swichi, kwa sababu pampu ya ngama mara nyingi imeunganishwa moja kwa moja na betri na waya wake unapita nyuma ya paneli utakayoikata.

Halafu piga picha. Piga picha ya kila kona kabla hujagusa skrubu hata moja, kisha piga tena kila unapotoa kipande. Kiwandani kilichowekwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza: magodoro, milango, vipande vya kufunika maungio, dari, paneli za ubavuni, makabati, ndipo kiambaza. Ukikwama, acha kuvuta. Kuna skrubu hujaiona.

Kila kipande kiandikwe nyuma kwa penseli: namba, upande, na mshale unaoelekea omo, yaani mbele ya boti. Andika "kushoto" na "kulia" ukiwa umetazama omo, na uwaambie wote kwenye kazi wafanye hivyo hivyo. Skrubu za kila paneli zitie kwenye mfuko wake, mfuko ubandikwe kwenye paneli. Boti moja ya futi 30 inaweza kutoa vipande zaidi ya mia.

Sioni skrubu hata moja. Zimefichwa wapi?

Chini ya vizibo vya mbao. Ukitazama kwa pembeni, taa ikiwa chini, utaona viduara vidogo ambavyo nyuzi zake za mbao hazifuati za ubao. Toboa tundu dogo katikati ya kizibo, kisha zungusha skrubu nyembamba humo. Ncha yake ikigusa kichwa cha skrubu iliyofichwa, haiwezi kuendelea chini, kwa hiyo inakipandisha kizibo kuja juu. Kinatoka kizima na tundu linabaki na kingo safi. Usichokonoe kwa patasi pana. Utakwaruza msaji, na kovu hilo halitoki.

Skrubu iliyogoma ipashe moto. Weka ncha ya chuma cha kulehemu waya juu ya kichwa chake kwa dakika moja au mbili, joto lilegeze gundi na vanishi, kisha ikaze kidogo kabla ya kuilegeza.

Na angalia ile nyota kwenye kichwa cha skrubu. Boti za Uingereza na Ulaya zina skrubu za Pozidriv, ambazo ukizitazama haraka unadhani ni Phillips ya kawaida. Pozidriv ina vistari vinne vidogo zaidi kati ya mikono ya nyota. Ukitia bisibisi isiyo yake, inateleza na kula kichwa, na skrubu ya dakika moja inakuwa ya nusu saa. Kwenye boti za Kimarekani nenda na spana za inchi.

Dari ya ngozi imening'inia na inamwaga unga wa njano. Nifanyeje?

Ni ugonjwa wa kizazi kizima cha boti. Westerly Centaur, ya futi 26, iliyoundwa Uingereza kuanzia 1969 kwa idadi inayopita 2,400, inajulikana sana kwa hilo: ngozi ya plastiki yenye sponji nyembamba nyuma, ikabandikwa kwenye faiba. Sponji inazeeka na kuwa unga unaonata. Ngozi yenyewe ni nzima, lakini haina tena cha kushikia.

Usijaribu kudunga gundi nyuma yake. Ibandue yote, pangusa sponji kwa brashi ngumu, na ujaliwe subira, maana mabaki hushika kama asali. Kisha chagua: ngozi mpya kwa gundi inayostahimili joto, kwa sababu sitaha ya hapa kwetu saa nane mchana haikanyagiki kwa mguu mtupu na gundi ya kawaida inaachia; au, ninavyopenda zaidi, paneli nyembamba za plaiwudi zilizovishwa ngozi na kushikwa kwa skrubu. Paneli za skrubu utazifungua tena. Bolti za vifaa vya sitaha ziko juu ya dari hiyo, na siku moja utazihitaji.

Ndani ya boti yangu yote ni faiba nyeupe, hakuna viambaza vya kuonekana. Je, nina tatizo?

Una boti yenye trei. Viwanda vingi vilipoanza kuunda boti kwa wingi, vilimwaga sehemu kubwa ya ndani kama trei moja ya faiba yenye vitanda, sakafu na mbavu zake, wakaipaka gundi na kuishusha ndani ya ganda kabla sitaha haijafungwa. Kazi inakwenda haraka na inapendeza. Ubaya wake ni kwamba gundi iliyoshika trei na ganda haionekani tena maisha yote ya boti.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo. Mei 2014 boti ya matanga iliyoitwa Cheeki Rafiki, Beneteau First 40.7, ilikuwa ikirudi Uingereza kutoka Antigua. Katikati ya Atlantiki ilianza kuingiza maji, kisha mkuku ukang'oka na boti ikapinduka. Wanaume wanne walikufa. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walitoa ripoti yao mwaka 2015, wakaeleza kwamba huenda kugonga chini mara kadhaa siku za nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, vilidhoofisha muungano wa mkuku na ganda, ikiwemo gundi ya ile fremu ya ndani inayogawanya uzito wa mkuku. Fremu inaweza kuachana na ganda chini ya sakafu safi, watu wakala chakula juu yake.

Basi, boti ya namna hiyo ikigonga mwamba hata mara moja, usiridhike na kupaka rangi kwa nje. Ndani, kata matundu ya ukaguzi ya milimita 125 au 150 mahali ambapo trei haibebi, yaani katikati ya sehemu bapa, mbali na kona na mbali na bolti za mkuku. Ingiza mkono na kioo kidogo, gonga, tazama mstari wa gundi. Tundu ulifunge kwa kifuniko cha kusokota. Ila mbavu za trei zenyewe usizikate kwa ajili ya kupitisha bomba au waya. Nimeona boti ambayo fundi fulani alitoboa mbavu tatu mfululizo ili apitishe paipu ya choo.

Naweza kufanya kazi hii boti ikiwa imelala mchangani, maji yakitoka?

Paneli na dari, sawa. Kiambaza, hapana. Boti iliyolala ubavu wakati wa bamvua uzito wake wote uko upande mmoja, na ganda limejikunja kidogo kufuata mchanga. Ukitoa kiambaza hapo na kukirudisha, umeifunga boti katika umbo la kulala. Hata juu ya nchi kavu, uzito ukae kwenye mkuku, na nguzo za pembeni zishike pale palipo na kiambaza, siyo katikati ya ubavu mtupu.

Kabla ya kukata chochote, pima. Pima upana wa ndani juu, katikati na chini, mbele na nyuma ya kiambaza. Pima mishalo, kona hadi kona. Andika vipimo hivyo ukutani kwa kalamu isiyofutika, siyo kwenye karatasi itakayoruka na upepo. Kisha kaza boriti mbili za mbao kutoka ubavu hadi ubavu, moja kila upande wa kiambaza, na nguzo moja ya kushikilia sitaha kutoka juu ya mkuku. Ziwe zimekazwa kwa kabari, siyo zimesimama tu.

Hili nalijua kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo nilitoa kiambaza cha boti ya futi 31 nikiwa nimepima upana mmoja tu, wa juu. Kipya kilikaa vizuri, mikanda ikashika, kila mtu akafurahi. Tuliporudisha mlango wa choo haukufunga: kona ya juu iligusa, ya chini ilikuwa wazi kwa kidole kizima. Mlango haukuwa umebadilika. Mzee aliyenifundisha, aliyekulia kwenye uundaji wa majahazi Matondoni, kule Lamu, aliuangalia akaniambia, "Mwanangu, taruma tunalitoa moja, tunalirudisha, ndipo tunamgusa jirani yake. Na hatulitoi bila kuweka alama." Nilikata mikanda yote nikaanza upya.

Usitoe viambaza viwili vinavyofuatana kwa wakati mmoja.

Mikanda ya faiba naikata vipi bila kutoboa ganda?

Kata karibu na ubao, siyo karibu na ganda. Mashine ya kutikisa yenye blade ya kabaidi ndiyo salama zaidi: ni ya polepole, na inakupa muda wa kusikia. Ukitoka kwenye resini ngumu na kuingia kwenye plaiwudi, sauti inabadilika. Grenda ni ya haraka lakini haina huruma. Ukiitumia, weka alama ya kina kwenye diski na usiishike kwa mkono mmoja.

Mkanda wa upande mmoja mimi huuacha umesimama kama ukingo, huku nikiuchongoa ubao kutoka nyuma yake. Ukingo huo unanionyesha mahali hasa pa kukirudisha kiambaza kipya. Kikishakaa na kushikwa, ndipo nausaga mkanda wa zamani.

Ubao wa zamani usiuchome. Hata ukitoka vipande, vipange sakafuni kama kauri iliyovunjika na uchore umbo lake. Pale palipooza hadi hakuna umbo, tengeneza kiolezo kwa kadibodi au vipande vyembamba vya plaiwudi vilivyoshikanishwa kwa gundi ya moto.

Vumbi la faiba lina madhara gani?

Linawasha ngozi, lakini kinachonihangaisha ni mapafu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaa ya kichujio yenye kubana uso. Ziba sehemu nyingine za boti kwa plastiki na uweke feni inayotoa hewa nje, siyo inayovuruga vumbi ndani. Vaa mikono mirefu, jipake poda ya watoto shingoni na viganjani kabla ya kuanza, na ukimaliza oga kwa maji baridi. Maji ya moto hufungua ngozi na kuzamisha nyuzi.

Jambo moja zaidi kwa boti za zamani: utepe mweupe uliozungushwa kwenye bomba la moshi wa injini, au ubao wa kijivu nyuma ya jiko, unaweza kuwa na asbesto. Usiusage, usiukate.

Kiambaza kipya hakipiti mlangoni. Cha zamani kilipitaje?

Hakikupita. Kiliwekwa kabla sitaha haijafunikwa. Swali hili huulizwa plaiwudi ikiwa imeshakatwa na mtu amesimama nayo ngazini, kwa hiyo pima mlango kwanza.

Kiambaza kikate vipande viwili, wakati mwingine vitatu, ukaviunganishe ndani. Mstari wa maungio uupange usipite kwenye bolti za mabamba wala chini ya mlingoti. Kwa maungio ya kupishana kwa mteremko, plaiwudi ya milimita 18 inahitaji mteremko wa mara nane ya unene wake, yaani karibu milimita 144. Ndani ya boti hilo ni gumu kulibana sawasawa, kwa hiyo mara nyingi nachonga nusu ya unene kila kipande, navilaza kimoja juu ya kingine kwa epoksi, ile resini inayochanganywa na kigumu chake ili igande, kisha navika kitambaa cha faiba pande zote mbili za maungio.

Siwezi kudunga epoksi kwenye sehemu iliyooza nikamaliza?

Kama ni ubao wa kabati, fanya utakavyo. Kama ni kiambaza kinachoshika waya, nakusihi usifanye. Epoksi iliyodungwa inajaza nafasi na kuifanya sehemu iwe ngumu ukiigusa, lakini nyuzi za mbao zilizoliwa hazirudi, na nyuzi ndizo zinazovutwa. Pia haiingii kwenye mbao mbichi. Matokeo yake ni bonge gumu lililozungukwa na uozo.

Kukata sehemu mbovu tu na kupandikiza mpya kunakubalika pale uozo ulipo chini, karibu na ngama, mbali na bolti. Kata mpaka ufikie mbao nzima, kisha ongeza kiasi cha upana wa kiganja.

Ninunue plaiwudi gani?

Yenye muhuri wa BS 1088. Hicho ni kipimo cha Uingereza kwa plaiwudi ya baharini: gundi isiyoachia ikilowa maji, na matabaka ya ndani yasiyo na mapengo. Madukani kwetu kuna ubao unaoitwa "marini", wa kahawia, unaoteleza, wa kumwagia zege. Huo si huu. Ni mzuri kwa slabu, siyo kwa boti.

Ukiletewa usioujua, kata kipande cha kiganja na ukichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, ukikaushe, ukichemshe tena. Kikianza kuachana kingo, umeokoa boti kwa bei ya mkaa. Ukitazama ukingo uliokatwa na kuona matundu meusi kati ya matabaka, urudishe dukani hata kabla ya kuuchemsha.

Nakirudisha vipi ili kishike kuliko cha kwanza?

Kiambaza kisigusane na ganda. Acha nafasi ya milimita 5 hadi 10, jaza povu gumu. Ubao ukigusa ganda moja kwa moja unatengeneza mstari mgumu, faiba inajikunja hapo kila wimbi, na mwaka mmoja baadaye unauona mstari huo kwa nje, mchana wa jua kali.

Kingo zote za plaiwudi zinyweshe epoksi mara tatu, hasa ya chini. Matundu ya bolti toboa makubwa kuliko yanavyotakiwa, yajaze epoksi iliyoongezwa unga mzito, ikikauka toboa tena kwa kipimo cha bolti. Hivyo, hata mvujo ukirudi, maji yatakuta epoksi na hayatafikia mbao. Na uache tundu la kupitishia maji chini kabisa, hadi ngama. Maji yasiyopata njia hukaa.

Faiba ya ganda isage mpaka ung'ao uishe, ipanguse kwa asetoni. Kona kati ya ubao na ganda ijaze epoksi nzito na uilainishe kwa kijiti cha mviringo, iwe kama mkunjo wa ndani wa bakuli. Juu yake, kwa boti za futi 28 hadi 32, mimi huweka tabaka tatu za kitambaa cha nyuzi mbili za mshalo, gramu 600, kila tabaka pana kuliko lililotangulia, pande zote mbili za kiambaza na juu kwenye sitaha pia. Boti kubwa zaidi tafuta ushauri wa mhandisi wa vyombo. Tumia epoksi, siyo poliesta, maana poliesta mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani.

Joto la pwani linaathiri epoksi?

Sana. Kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, muda wa kuitumia hupungua karibu nusu. Wakati wa kaskazi, kikombe ulichokoroga kinaweza kuanza kutoa moshi mkononi. Koroga kidogo kidogo, mimina kwenye sahani bapa, fanya kazi alfajiri. West System, watengenezaji wa epoksi, wanayo 209, kigumu cha polepole kwa nchi za joto, kinachochanganywa tatu kwa moja, yaani resini tatu kwa kigumu kimoja. Kile cha 205 ni tano kwa moja. Usichanganye hesabu hizo mbili, na usiongeze kigumu ukidhani itakauka haraka.

Masika ina tabu nyingine. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, epoksi inaota utando wa nta juu. Hauondoki kwa msasa, unasambaa tu. Uoshe kwa maji safi na sifongo ya kusugulia, ndipo upige msasa na kuongeza tabaka.

Boti imerudi majini. Nitajuaje kazi imeshika?

Mlingoti ukisharudi, kaza waya taratibu kwa siku mbili tatu, siyo kwa asubuhi moja. Fungua na ufunge kila mlango kabla na baada ya kukaza. Safari ya kwanza iwe fupi, ndani ya mkono wa bahari, kisha toka nje ubishe upepo mara chache, upande mmoja na mwingine, huku mtu mmoja akikaa ndani na tochi, mkono wake juu ya mkanda mpya, akisikiliza. Mlio wa kukwaruza au mstari mweupe kwenye resini ni sababu ya kurudi. Kaza bolti za mabamba tena baada ya wiki, na mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, ingia na kitambaa kikavu ukaguse chini ya kila bamba.